Juisi ya ndizi kwenye nikaha: tusiikimbie kwa sababu ya jina

Leo tunaomba tuzungumzie jagi la juisi linalowekwa mezani siku ya nikaha. Huku kwetu Karagwe na Kyerwa jagi hilo lina mgogoro mkubwa kuliko linavyostahili, na wanaolipa gharama ya mgogoro huo ni maharusi na wazazi wao.

Sisi ni mafundi wa nguo za maharusi hapa Kayanga. Tulimaliza kidato cha nne tukasomea ushonaji, na tangu hapo kazi yetu ni magauni, shela na sare za wasimamizi. Miaka ya karibuni tumeongeza kukodisha viti, mabeseni na majagi. Kwa hiyo harusi tunaiona yote, tangu kipimo cha kiuno mpaka vyombo vinaporudi na mafuta ya pilau. Tunaliona pia daftari la bajeti, maana bi harusi akija kupima mara ya pili huja na mama yake, na mama huja na daftari.

Mstari unaotukera sisi ni ule wa vinywaji. Kreti za soda, katoni za maji, paketi za unga wa juisi wenye rangi ya chungwa ambao chungwa lenyewe haulijui. Mara nyingi jumla yake inapita bei ya gauni. Tunajua mtasema mafundi wanalilia gauni lao, lakini si hivyo. Tunachokiona ni familia iliyotoka kuuza kahawa yake, ikalipa madeni ya shule, ikabaki na kidogo, kisha ikakopa ili inunue soda. Na nyuma ya nyumba hiyo hiyo, hatua chache kutoka jikoni, kuna kibanja chenye mikungu iliyoinamisha migomba.

Ukiuliza kwa nini msikamue ndizi, jibu huwa moja tu. "Zile ni ndizi za pombe."

Ngoja tuwaeleze dada zetu wa Unguja na Pemba mambo yalivyo, maana ndizi kwenu ni nyingine kabisa. Wilaya zetu hizi mbili zilikuwa moja mpaka mwaka 2012, Kyerwa ilipotengwa na Karagwe. Ziko kaskazini-magharibi kabisa mwa nchi, Rwanda upande mmoja na Uganda upande mwingine, milimani, na baridi ya asubuhi inataka sweta. Kila mji una kibanja, yaani shamba linaloizunguka nyumba, migomba juu na mibuni chini yake. Na ndizi za kibanja zina kazi tofauti. Kuna za kupika, ndizo chakula chetu cha kila siku. Kuna za kuiva, za kula hivi hivi. Halafu kuna zenye ukakasi, ambazo ukizipika mdomo mzima unakauka. Hizi za ukakasi ndizo zinazotoa juisi, na ndizo zilizobatizwa jina la ndizi za pombe. Majirani zetu Waganda aina mojawapo wanaiita kayinja.

Jina ndilo lililotuharibia. Ndizi haina pombe ndani yake kama vile zabibu haina mvinyo. Inaiva, inamenywa, inakandwa na nyasi mpaka maji yake yanaachana na makapi, na maji yale ni matamu, ya rangi ya kahawia isiyokolea, yanaburudisha, na mtoto mchanga aliyeanza kula anaweza kulambishwa. Hiyo ni juisi. Pombe inaanza pale mtu anapochukua mtama uliokaangwa na kusagwa, akaumimina ndani, akafunika kwa majani ya mgomba na kuuacha usiku mmoja au zaidi. Hapo kinachotoka kinaitwa rubisi, na habari yake ni nyingine.

Kwa hiyo kati ya juisi na rubisi kuna vitu viwili: mtama, na muda. Mtama ni rahisi kuukwepa, hakuna anayeweza kuumimina kwa bahati mbaya. Muda ndio wenye hila. Hata bila mtama, juisi ikiachwa inachacha yenyewe, kwa sababu chachu ipo kwenye maganda, kwenye nyasi, kwenye mikono na hasa kwenye vyombo. Mwanamke anayetaka kuweka juisi ya ndizi kwenye nikaha ya binti yake hana haja ya kuogopa ndizi. Anapaswa kujua saa.

Wala hatusemi hili kwa ujuaji wetu. Sisi si masheikh, na mwenye swali la ndani zaidi amuulize mwanachuoni wake. Lakini mambo haya tumeyasikia darasani kama mlivyoyasikia nyinyi. Mtume wetu Muhammad (S.A.W) alikuwa akilowekewa zabibu au tende kwenye maji, akinywa. Bibi Aisha (r.a) amesimulia kwamba kilicholowekwa asubuhi alikunywa jioni, na kilicholowekwa usiku alikunywa asubuhi. Ibn Abbas (r.a) naye amesimulia kwamba kinywaji cha zabibu kilinywewa siku ile, ya pili, na ya tatu mpaka jioni, kisha kilichobaki kikanywewa au kikamwagwa. Haya yako katika Sahih Muslim. Kwa hiyo kinywaji kitamu kinachoweza kugeuka kilikuwa mezani kwa Mtume mwenyewe, kwa kuchungwa muda wake. Tahadhari tu: siku tatu hizo mtu asizichukue akaweka juisi ya ndizi siku tatu akasema ana dalili. Ndizi ina sukari nyingi na inageuka upesi. Kipimo ni kulevya, na kitu ambacho kingi chake kinalevya, hata kidogo chake hakitufai.

Liko na suala la chombo, na hapa ndipo tunapotofautiana hata na baadhi ya mashoga zetu. Kwa desturi ndizi hukamuliwa ndani ya gogo lililochongwa mfano wa mtumbwi, wanaume wakizikanyaga kwa miguu, na kinywaji huhifadhiwa kwenye vibuyu. Mnaikumbuka ile hadithi ya ujumbe wa kabila la Abdul-Qays waliokuja Madina? Walikatazwa kulowekea vinywaji vyao kwenye vyombo fulani, na miongoni mwake vilitajwa kibuyu na gogo la mtende lililochongwa. Sisi tuliposikia darsa hiyo mara ya kwanza tulitazamana, kwa sababu ilikuwa kama inatajwa nyumba ya jirani. Baadaye Mtume (S.A.W) aliruhusu vyombo vyote, likabaki katazo la kinacholevya. Basi kibuyu chenyewe si haramu. Lakini fikiria hekima yake. Gogo lililokamuliwa rubisi miaka kumi limenyonya chachu mpaka kwenye nyufa zake. Ukilisuuza kwa maji tu ukakamulia juisi ya nikaha, juisi hiyo itaanza kutoa povu kabla hata khutba haijaisha.

Kwa hiyo msimamo wetu ni kwamba mtumbwi wa jirani usiazimwe. Beseni kubwa la plastiki au sufuria ya alumini ambayo haijawahi kuona rubisi inatosha. Na miguu ya watu hatuitaki. Mikono iliyooshwa kwa sabuni inafanya kazi ile ile, ila inachosha kidogo zaidi.

Shoga yetu mmoja wa Nkwenda anasema juisi ikiwekwa kwenye vibuyu vipya vilivyopambwa shanga itapendeza, itakuwa harusi ya kwetu na si ya kuiga ya mjini. Tunampenda, na shanga zake ni nzuri, lakini hapo hatukubaliani naye. Kibuyu huku ni nembo ya ulevi. Mgeni anayepita barabarani akaona wanawake wenye shungi wamekaa duara na vibuyu hataulizia shanga. Atasema alichokiona. Tunaombwa tujiepushe na mahali pa tuhuma, na jagi la kioo linaondoa tuhuma lenyewe: kila mtu anaona rangi, anaona kwamba hakuna povu, anasikia harufu ya ndizi mbivu. Vibuyu vipambe ukuta.

Wapo pia wanaotuambia kwamba kwa kuwa jambo lina shaka, bora liachwe. Hii ni kauli nzito na tunaiheshimu, maana kuacha lenye shaka na kufuata lisilo na shaka ni mafundisho yetu. Lakini shaka inatokana na kutojua. Mtu asiyejua juisi imekamuliwa lini, na nani, kwenye chombo gani, ana haki ya kuiacha, na sisi wenyewe tukiuziwa juisi ya ndizi kwenye dumu kando ya barabara hatuinunui. Wewe uliyeamka alfajiri, ukasali, ukakamua mwenyewe kwenye beseni lako na kuipeleka mezani adhuhuri, shaka yako iko wapi? Tukiacha kila kinachoweza kugeuka, tutaacha na tende zilizolowekwa, tutaacha na maji ya nanasi.

Na dada zetu wa visiwani, nyinyi mnalielewa hili kuliko watu wa bara wanavyodhani. Kwenu kuna mnazi. Utomvu wake ukigemwa ni mtamu, na haukai. Saa chache tu umeshaanza kuwa tembo kali, ukiendelea unakuwa siki ya kuwekea achari. Mti mmoja, kibuyu kimoja, na tofauti ni saa. Hakuna aliyesema kwa ajili hiyo nazi isiingie kwenye wali wa harusi.

Watu wa kwenu na wa kwetu ni marafiki wa zamani, isitoshe. Katika karne ya 19 wafanyabiashara Waarabu na Waswahili waliotoka Unguja kupitia Tabora waliweka kituo chao Kafuro, karibu na Bweranyange yalipokuwa makao ya Mukama Rumanyika wa Karagwe. Stanley alipopita mwaka 1876 aliwakuta hapo. Walifuata pembe za ndovu, hilo halifichiki, lakini jina la Unguja limejulikana kwenye vilima hivi kwa muda mrefu.

Turudi jikoni. Tutawaeleza tunavyofanya sisi, kwa sababu tumekwisha kuzihudumia harusi kadhaa kwa juisi hii na wageni wameomba ya pili.

Hesabu inaanza siku nne au tano kabla ya nikaha. Mikungu iliyokomaa inakatwa na kuwekwa iive, ama kwenye shimo lililotandikwa majani makavu ya mgomba na kupashwa moto, ama kwenye uchaga juu ya mafiga ambako moshi na joto vinaifikia. Siku zinategemea baridi. Mvua ikinyesha mfululizo ongeza siku moja. Ndizi inayofaa ni ya manjano yote, laini, ganda linavuka bila kuvutwa, lakini haijaanza kupasuka wala kunukia uchachu. Iliyopasuka itupe, hiyo imeshaanza safari yake. Na ukimenya ukakuta ndani madoa ya rangi ya kutu, usiikamue hata kama nje inapendeza. Huo ni mnyauko wa bakteria, ugonjwa ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000 ukafyeka vibanja vya watu. Hauambukizi binadamu, lakini kisu kilichokata mgomba ule kitaupeleka kwenye migomba mingine, kwa hiyo kipitishe kwenye moto kwanza.

Nyasi ni zile ndefu ngumu zinazokata kidole ukizivuta vibaya. Zichague zilizo safi, mbali na njia ya ng'ombe, uzioshe na kuzikausha juani. Siku ya kazi, baada ya alfajiri, menya ndizi zote, tia kwenye beseni pamoja na nyasi, anza kukanda. Mwanzoni utaona uji mzito unaonata na utadhani umekosea. Endelea. Ukakasi wa ndizi unashikana na ute wake, nyasi zinaukamata, na ghafla utasikia mkononi maji yameachia. Makapi yanabaki kwenye nyasi, juisi inabaki chini. Kwetu mikungu mitatu mizuri hutupa dumu la lita 20 na kidogo cha watoto. Maji hayaongezwi wakati wa kukanda. Anayetaka kuipunguza makali ya utamu aongeze baadaye, na yawe maji yaliyochemshwa yakapoa. Maji ya tangi la mvua moja kwa moja hapana.

Kuchuja ni fani yetu, hapo tusikilizeni. Chujio la chai halitoshi. Tunatumia kitambaa cha marekani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi, lakini kikitoka dukani kina wanga, na wanga ule ukiingia kwenye juisi unaifanya nzito na ladha ya duka. Kichemshe mara mbili, ukisuuze, ukianike juani. Kisha kishone mfuko wa umbo la soksi, mshono ukunjwe mara mbili ili ncha za nyuzi zifichike ndani, la sivyo bi mkubwa mmoja atakuta uzi kwenye glasi na harusi nzima itasikia. Usitumie kanga kuukuu. Rangi inatoka, na kanga imekwisha fanya kazi nyingine nyingi.

Ikishachujwa tunaipitisha motoni. Wengine hawafanyi hivyo na wanasema moto unaua ladha. Ni kweli ladha inabadilika kidogo, inakuwa na uzito kama wa asali. Lakini harusi si glasi moja ya nyumbani. Ni watu mia, jua, na sheikh aliyechelewa kwa sababu pikipiki imepata pancha. Juisi iliyochemshwa, ikaenguliwa povu, ikafunikwa kwenye vyombo vilivyosuuzwa kwa maji ya moto, inastahimili kuchelewa kwa sheikh. Isiyochemshwa sisi tunataka iwe imenyweka kabla ya adhuhuri. Kwenu kwenye joto la pwani, bila friji, tungesema mapema zaidi. Baridi ya Karagwe inatusaidia, nyinyi hamna hiyo.

Namna ya kujua kwamba imegeuka haihitaji elimu. Vipovu vidogo vinapanda vyenyewe bila mtu kukoroga. Kifuniko kikifunguliwa kinapumua. Harufu inachoma pua, na tone kwenye ulimi linatekenya. Ukiona mojawapo, imwage kwenye shimo la mbolea, kibanja kitaipokea. Usimwonjeshe mtu akusaidie kuamua.

Sukari haiongezwi hata kijiko. Tunasema kwa mkazo kwa sababu mikono ya mama zetu huenda kwenye kopo la sukari yenyewe. Juisi hii ni tamu kuzidi soda, na kwa mama mwenye kisukari glasi nzima ni nyingi. Mpe nusu na maji pembeni, au mpe maji tu na umwambie kwa nini. Limao au ndimu kidogo inapendeza, tangawizi pia. Nanasi likichanganywa linaifanya juisi ya sherehe hasa, na rangi inang'aa.

Msijaribu haya kwa pukusa wala kisukari, dada zetu wa visiwani. Ndizi tamu za kula hazina ukakasi wa kutosha na utaishia na uji kwenye beseni na lawama kwetu. Nyinyi mna bungo, mna ukwaju, mna embe, mna miwa, na hakuna haja ya kuhangaikia ndizi za huku. Tunachowaomba ni kilekile tunachowaomba wa huku: kabla hamjanunua unga wa rangi, tazameni mti uliopo uani.

Sasa tuseme la mwisho ambalo ndilo zito, na linawahusu zaidi maharusi wa Karagwe na Kyerwa. Sisi tukizikimbia ndizi hizi, hazitang'olewa. Zitauzwa, na mnunuzi wake ni mpika rubisi, na wengine ni wapika gongo. Tunawajua vijana wa Kiislamu, watoto wa majirani, wanaolipwa kwa siku kwenda kukamua kwenye mitumbwi ya watu. Wanajua kwamba mkamuaji ametajwa miongoni mwa watu kumi waliolaaniwa kwa sababu ya pombe. Wanajua, lakini ndiyo kazi iliyopo, na mikono yao ina ustadi kuliko yetu. Tulipochukua wawili kati yao watukamulie kwa ajili ya harusi moja ya Isingiro, mmoja alituuliza, "Na mtama mnautia saa ngapi?" Tulipomjibu hakuna mtama, alicheka, akakaa kimya, akaendelea kukanda. Siku hizi akisikia harusi ya Kiislamu anapiga simu mwenyewe. Si kazi ya kila siku, bado, kwa sababu maharusi wenyewe wanaonunua juisi hii ni wachache. Wangekuwa wengi, angeacha kwenda kule. Kwa hiyo ukiandika kreti za soda kwenye daftari kwa kuona haya jina la ndizi, ujue kuna kijana aliyekosa siku ya kazi halali.

Kuna na suala la wakwe. Familia zetu huku zimechanganyika, utakuta upande wa bi harusi ni Waislamu na wajomba ni Wakatoliki au Walutheri, na kwa desturi za Wahaya na Wanyambo pombe ya ndizi ina nafasi yake kwenye posa na mahari. Mjomba anayeleta kibuyu cha rubisi hakuja kukutukana. Amekuletea heshima kubwa aijuayo, kutoka kwenye kibanja chake. Kumrudisha mlangoni mbele ya watu ni aibu inayokaa miaka, na kukipokea hatuwezi. Tumeona nikaha mbili zikiingia doa kwa jambo hili.

Dawa yake tumeiona kwa mama mmoja wa Kyerwa, na ndiyo tunayowashauri wateja wetu wote. Alimtuma mshenga mapema, siku ile ile ya kupanga tarehe, awaambie wajomba kwamba nyumba hii inaomba mikungu mizima, ya ndizi zile zile za kibanja chao, iletwe siku tano kabla. Isikamuliwe. Wajomba walileta mikungu saba, wakakaribishwa kwa kahawa za kutafuna, na siku ya nikaha mwenye sherehe alitangaza kwamba juisi iliyoko mezani imetoka kwenye kibanja cha wajomba. Mjomba mkubwa alisimama akaomba ajaziwe glasi tena ili watu wamwone.

Basi bi harusi unayekuja kupima mwezi ujao, kwenye daftari lako andika idadi ya wageni, ugawe kwa themanini, na kila fungu ni dumu moja, yaani glasi moja kwa mtu. Mikungu mitatu kwa dumu. Majagi ya kioo tunayo sita, mabeseni manne ambayo hayajaona rubisi, na mfuko wa kuchujia tutakushonea bure pamoja na shela.